Kesi ya Shylock: Portia alikuwa na kile kifungu tangu mwanzo, kwa nini alikaa nacho kimya?

#1 (Mleta mada)

Wakuu habari za muda huu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, hii kitu imenikaa kichwani miaka mingi na wiki hii nimeisoma upya mwanzo mpaka mwisho nikaona nisipoiandika sitalala.

Naongelea The Merchant of Venice ya Shakespeare, ile ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri ikatoka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Wengi tulikutana nayo shuleni. Sisi darasani tuliigiza ile sehemu ya mahakamani na mimi nikapewa Shylock, nadhani kwa sababu nilikuwa na sauti nzito kuliko wenzangu. Kisu kilikuwa rula ya mbao, mizani tuliazima maabara. Nikapiga goti, nikanoa rula yangu kwenye soli ya kiatu kama kitabu kinavyosema, halafu yule dada aliyekuwa Portia akatoa ile kauli ya damu, na darasa zima likalipuka makofi, watu wanapiga madawati. Mi nimesimama katikati na rula mkononi sijui niiweke wapi. Nakumbuka nilijua kabisa kwamba jamaa ninayemwigiza ni mbaya na bado roho ikaniuma, na sikuweza kueleza kwa nini.

Sasa naweza kueleza, au ngoja nijaribu.

Kwa ambao mmesahau stori: Bassanio anataka hela ya kwenda kumchumbia Portia, binti tajiri wa Belmont. Rafiki yake Antonio mfanyabiashara hana keshi, mali yake yote ipo baharini, meli moja Tripoli, nyingine India, nyingine Mexico, nyingine Uingereza. Wanaenda kwa Shylock, Myahudi anayekopesha kwa riba. Dukati 3000 (sarafu za dhahabu), miezi mitatu, Antonio anaweka saini. Shylock anasema safari hii sitaki riba, ila ukishindwa kulipa nitakata ratili moja ya nyama ya mwili wako, mahali nitakapopenda mwenyewe. Anaisema kama mzaha. Antonio anakubali, Bassanio anamwambia usisaini, anasaini. Meli zinaripotiwa kupotea, siku inapita, kesi inaenda mbele ya Mtawala wa Venice.

Na msisahau hawa wawili wana historia. Kabla hata ya kupewa mkopo Shylock anamkumbusha Antonio kwamba umenitemea mate kwenye kanzu yangu, umeniita mbwa, leo unakuja kuniomba hela? Antonio anamjibu kwamba yuko tayari kumwita hivyo tena na kumtemea tena. Mtu anakuja kukopa na anamjibu hivyo anayemkopesha! Hapo ndo mjue mji ule ulikuwaje.

Turudi mahakamani maana ndo kwenye hoja yangu. Portia, ambaye kwa sasa ameshaolewa na Bassanio, anaingia amevaa kiume kama mwanasheria kijana kutoka Roma, ana barua ya Dokta Bellario wa Padua, bingwa wa sheria, inayomtambulisha. Anasoma hati, anasema wazi hati ni halali, Venice haiwezi kuipinga. Anamwambia Shylock inabidi uwe na huruma. Shylock anauliza, inabidi kwa amri ya nani? Ndipo inakuja ile hotuba ambayo nusu ya dunia imekariri, kwamba huruma hailazimishwi, inadondoka kama mvua nyororo kutoka mbinguni, inambariki anayetoa na anayepokea, na kwamba kila mmoja wetu akihukumiwa kwa haki tupu hakuna atakayeuona wokovu. Ni maneno mazuri mno. Siwezi kuyasoma haraka, lazima nipunguze mwendo.

Shylock anakataa. Bassanio anaahidi mara mbili ya deni, baadaye Portia mwenyewe anamwambia tazama unapewa mara tatu, anakataa. Portia anauliza mizani ipo? Ipo. Umeleta daktari wa kumziba asife kwa kutoka damu? Shylock anauliza, hilo limeandikwa kwenye hati? Halikuandikwa. Basi siioni kwenye hati, mimi simo. Hapa jamaa ananitisha kweli, sitaki mtu aje aseme namtetea. Kisu kimeshanolewa, Antonio ameshafungua kifua, ameshaagana na rafiki yake.

Ndipo Portia anasema ngoja kidogo. Hati inakupa nyama, haijataja tone la damu. Kata, ila ukimwaga damu ya Mkristo mali zako zote zinachukuliwa na serikali. Na ukikata pungufu au zaidi ya ratili moja, hata mizani ikiinama kwa unywele, unakufa.

Makofi. Na mimi hapo sina ugomvi, mtu ameokolewa.

Lakini sasa fuateni mistari inayokuja baada ya makofi, maana ndo ambayo watu hawaisomi. Shylock anasema basi nipeni mara tatu ya deni. Bassanio anasema hela hii hapa. Portia anamzuia, hapana, alisema anataka haki, atapata haki. Shylock anasema basi nipeni mtaji wangu tu niende. Bassanio tena, nimeuandaa huu hapa. Portia tena, hapana, aliukataa mbele ya mahakama. Shylock anasema basi shetani amnufaishe nao, mi siendelei na maswali. Yaani anaondoka. Amekubali kupoteza dukati 3000 zote, anageuka kuelekea mlangoni. Antonio ameshapona. Kesi imekwisha.

Portia anamwambia: ngoja.

Sheria bado ina mahali pengine pa kukushika. Kuna kifungu Venice kinasema mgeni yeyote akithibitika kutafuta uhai wa raia, nusu ya mali yake anapewa yule raia, nusu nyingine inaingia hazina ya serikali, na uhai wake unabaki mikononi mwa Mtawala peke yake.

Sasa wakuu niambieni. Hicho kifungu kilikuwa wapi muda wote? Tangu Shylock anaingia pale na kisu kilikuwa kinamhusu. Kingesomwa dakika ya kwanza pasingehitajika hotuba ya mvua wala hesabu ya damu, jamaa angesikia kwamba mgeni akigusa raia anapoteza kila kitu na angechukua hela zake akaenda nyumbani. Portia alikuwa nacho. Akakaa nacho kimya mpaka jamaa alipofika mlangoni.

Hiyo "ngoja" ndo inayoniuma mimi tangu siku ya rula.

#2

Mkuu umeandika vizuri ila umelainika mno kwa muuaji. Huyo mtu kapewa nafasi ngapi? Mtawala kamwomba, Portia kamwomba, kapewa mara mbili, kapewa mara tatu, kaulizwa daktari. Kila mlango aliofunguliwa kaufunga mwenyewe kwa mkono wake, na akawa anamsifia Portia kwamba ni Danieli amekuja kuhukumu pale alipodhani yuko upande wake. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Alisema anataka sheria neno kwa neno, kapewa neno kwa neno, shida iko wapi?

Na kuhusu kifungu kukaa kimya mi naona ni busara. Ukimtisha mtu mapema akaacha kwa woga hujampima. Portia alitaka atoe huruma kwa hiari yake, ndo maana ya "hailazimishwi".

#3

Naunga mkono #2 nusu. Ila hata mimi huwa najiuliza, Portia ni mke wa Bassanio. Bassanio ndo aliyekula hiyo hela. Sasa mke wa mkopaji anakuja kuamua kesi ya mkopo wa mume wake akiwa amejificha kwenye joho la kiume, mdai hajui, Mtawala hajui, hata mume mwenyewe hajui. Hiyo peke yake mahakama yoyote ingefuta hukumu.

#4

Mi ni mtu wa sheria, kazi yangu ni mikataba kila siku, niongeze kidogo hapa maana watu wa fani yetu wameigombania hii kesi zaidi ya miaka 100.

Mjerumani mmoja mkubwa, Rudolf von Jhering, mwaka 1872 aliandika kwamba Shylock alidhulumiwa. Hoja yake inaenda hivi. Mkataba wa kukata mwili wa mtu ni kinyume cha maadili, kwa hiyo ni batili tangu siku uliposainiwa, jaji mwaminifu angesema hivyo hivyo mwanzoni na kesi ikaishia hapo, mdai angebaki na deni lake la kawaida. Lakini ukishatamka kwamba mkataba ni halali, huwezi kugeuka ukasema nyama ni yako ila damu siyo, kwa sababu haki ya kukata nyama inabeba na damu yake. Ni kama kumuuzia mtu kisima halafu ukamwambia maji hayakuandikwa. Akakiita kitendo kile ujanja mnyonge. Alijibiwa na mwanasheria mwenzake, Josef Kohler, 1883, kwamba hapana, hapo ndipo sheria ya zamani yenye ukatili inapovunjwa ili ubinadamu upite, na jaji mara nyingine anaijua haki moyoni kabla hajaipatia sababu kwenye vitabu.

Na msidhani kukata mwili wa mdaiwa ni ndoto ya mwandishi tu. Sheria ya zamani kabisa ya Roma, ile ya Mbao Kumi na Mbili, ilikuwa na maneno kuhusu wadai wengi kugawana mdaiwa kwa kukata vipande, na ikaongeza kwamba aliyekata zaidi au pungufu asihesabiwe kosa. Yaani Warumi walishaliona tatizo la mizani ya Portia wakalizibia njia mapema.

Kwa upande wangu naenda na Jhering. Portia hakulegeza sheria hata kidogo. Alimshinda Shylock kwa kuwa mkali wa maneno kuliko yeye.

#5

Vijana wangu nimewasoma wote. Mimi ni mtu mzima, nimefundisha fasihi muda mrefu, nichangie machache.

Msimhukumu mwandishi kwa macho ya leo peke yake. Tamthilia hii iliandikwa kati ya 1596 na 1598, ikachapwa 1600. Wayahudi walikuwa wamefukuzwa Uingereza tangu 1290, kwa hiyo wengi waliokaa kwenye ule ukumbi wa London walikuwa hawajawahi kuishi na Myahudi anayejulikana kuwa Myahudi. Miaka michache kabla, 1594, daktari wa Malkia Elizabeth aitwaye Roderigo Lopez, mwenye asili ya Kiyahudi, alinyongwa kwa tuhuma za kutaka kumuua malkia, na chuki ikapanda mjini. Kwa hadhira ile, Shylock kubatizwa ilikuwa ni kuokolewa roho. Kwao hiyo ilikuwa rehema na walipiga makofi kwa dhati. Darasa lako, kijana, lilipiga makofi ya karne ya 16.

#6 (Mleta mada)

Shikamoo mzee #5. Hilo la makofi ya karne ya 16 nimelisoma mara mbili, ahsante sana.

Niwajibu kwa mafungu.

#2 mkuu, nakubali milango yote alifunga mwenyewe. Ila umesema Portia alikuwa anampima. Sawa, tuseme alikuwa anampima. Mtihani uliisha pale alipotamka damu, jamaa alifeli, akavuliwa deni lake lote, akawa anaondoka. Kile kifungu kilichosomwa baada ya hapo kilikuwa kinampima nini? Hakikuwa kinamlinda Antonio tena. Mpaka kwenye damu mi naita kuokoa mtu, kuanzia "ngoja" sijui niite nini ila siyo kuokoa.

Na hapa nina ushahidi ambao ulinifanya nikae kimya nilipoujua. Hii stori Shakespeare hakuitunga kutoka hewani, aliichukua kwenye mkusanyiko wa hadithi za Kiitaliano unaoitwa Il Pecorone, uliochapwa 1558. Mle ndani karibu vyote vimo, mwanamke wa Belmonte, kuvaa joho la mwanasheria, ratili ya nyama, tone la damu. Na inaishaje? Mdai akiona ameshindwa anachana hati yake vipande vipande kwa hasira anaenda zake. Basi. Hakuna kifungu cha mgeni. Hakuna kunyang'anywa mali. Hakuna kubatizwa kwa lazima. Kwa hiyo Shakespeare alikuta mlango uko wazi na jamaa ametoka, akamrudisha. Hiyo "ngoja" aliiongeza yeye kwa mkono wake. Mwandishi wa kiwango kile haongezi ukurasa mzima mahali ambapo makofi yameshapigwa bila sababu, alitaka tuone kitu baada ya makofi.

Tukione basi. Kile kifungu kinaanzaje? "Mgeni." Hakisemi mtu yeyote akitafuta uhai wa mtu yeyote, kinasema mgeni akitafuta uhai wa raia. Huyu mtu amezaa pale, anafanya biashara pale, mke wake Leah ni marehemu, jirani wote wanamjua kwa jina. Kwenye soko la Rialto ni mwenyeji, kwenye kitabu cha sheria ni mgeni. Venice yenyewe ya kweli ilikuwa hivyo, mwaka 1516 serikali iliwatengea Wayahudi kipande cha mji palipokuwa na kiwanda cha kuyeyushia shaba, mageti yanafungwa usiku, na walinzi wanalipwa na hao hao waliofungiwa. Neno geto ambalo tunalitumia vijana kwa chumba cha kupanga limetokea pale pale.

Halafu kumbukeni Antonio mwenyewe alisema nini akiwa chini ya ulinzi kabla ya kesi. Rafiki yake anamwambia Mtawala hatakubali hii adhabu. Antonio anasema Mtawala hawezi kuzuia sheria, kwa sababu wageni wakinyimwa haki Venice biashara ya mji itaharibika, faida ya mji inatokana na mataifa yote. Mnaona? Sheria inayosema wageni na raia ni sawa ipo, na inatajwa kwa sababu ya faida. Chini yake ipo sheria nyingine inayosema si sawa, nayo inatajwa siku mgeni anapokaribia kushinda. Shylock alikuwa anaijua ile ya kwanza peke yake. Alienda mahakamani akiamini hii ya kwanza kwa moyo wote, na kwa namna fulani yeye ndo mtu pekee mle ndani aliyekuwa anaiamini.

Pia Bassanio alimwomba Portia kabisa, pindisha sheria mara moja tu, fanya kosa dogo ili haki kubwa itendeke. Portia akakataa, akasema haiwezekani, itakuwa mfano na makosa mengi yataingia serikalini kwa mlango huo. Nilikuwa nampenda sana hapo. Lakini nikisoma sasa naona hakuhitaji kupindisha kitu, sheria yenyewe ilishapindishwa siku ilipoandikwa.

#7

Mleta mada pole na huo mzigo wa rula, umeandika mpaka nimetafuta kitabu changu. Mi ni msomaji wa kike na naomba tumwongelee Portia kabla hajawa jaji.

Huyu dada alikuwa amefungwa na hati kabla ya Antonio. Baba yake kafa kaacha wosia, makasha matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi, mwanaume atakayechagua lenye picha yake ndo anamuoa, Portia hana kuchagua wala kukataa. Analalamika mwanzoni kabisa kwamba mapenzi ya binti aliye hai yanazuiwa na wosia wa baba aliyekufa. Kwa hiyo anapoingia mahakamani akaishika ile hati ya Shylock, anajua hati ni kitu gani, ameishi ndani ya moja. Alijifunza kwamba karatasi hupingi, unatafuta mahali ambapo haijaandikwa. Ndo njia pekee aliyokuwa nayo mwanamke, na hata kusema hayo ilibidi avae joho la mwanaume.

Na Jessica je? Binti wa Shylock katoroka na Lorenzo usiku na kasha la baba yake, hela na vito. Shylock anasikia kwamba pete ya feruzi aliyopewa na Leah wakati hajaoa, binti kaibadilisha na nyani. Anasema nisingeitoa hata kwa nyika nzima ya nyani. Mi hapo huwa nafunga kitabu kidogo. Baada ya hapo ndo ile kesi inakuwa ya kisu, kabla ya hapo sina uhakika kama angefika mwisho.

#8

Dada #7 umenikumbusha ile hotuba ya Shylock, "Myahudi hana macho?" Watu wanaikata katikati wanaibandika kwenye mabango ya amani. Ukiisoma mpaka mwisho haiishii kwenye usawa, inaishia kwenye kisasi. Mkituchoma hatutoki damu, mkitupa sumu hatufi, na mkitudhulumu tusilipe kisasi? Ubaya mnaonifundisha nitautenda. Jamaa anasema nimejifunza kwenu.

Na msisahau hii tamthilia imetumika vibaya kweli kweli. 1943 Vienna chini ya Wanazi ilichezwa ili kuchochea chuki, wakati Wayahudi wengi wa mji ule wameshapelekwa kwenye makambi. Lakini pia kule Robben Island, gereza la wapinga ubaguzi Afrika Kusini, kuna mfungwa alikuwa na kitabu cha tamthilia zote za Shakespeare, wenzake wakawa wanaweka saini pembeni ya mistari waliyoipenda. Walter Sisulu alisaini pale Shylock anaposema kwamba ameyabeba yote kwa kuinua mabega tu, maana uvumilivu ndo alama ya kabila letu. Kitabu kile kile kimoja.

#9

Sawa ila mnazunguka. Swali la mleta mada ni kwa nini alikaa kimya. Mtu ajibu.

#10 (Mleta mada)

#9 mkuu uko sahihi, nijaribu.

Mi naona Portia alikaa kimya kwa sababu ile hotuba ya huruma ilikuwa ya kweli wakati anaitoa. Siamini kama ulikuwa mtego. Naamini alitaka kabisa Shylock aseme ndiyo, na kama angesema ndiyo kile kifungu kisingesomwa kamwe. Kinachonitisha ni kwamba huruma ilikuwa inaombwa kwa mtu ambaye nyuma yake kuna shimo na muombaji analiona na yeye halioni. Ukimwomba mtu hiari huku umeshika kitu kitakachommaliza akikataa, hiyo hiari ina uzito gani? Wewe mwenyewe umesema hailazimishwi.

Halafu zamu ikageuka. Sasa wao ndo wana kisu. Portia anamuuliza Antonio, wewe unaweza kumpa huruma gani? Swali zuri kabisa, lile lile la mvua. Gratiano, rafiki wa Bassanio, anapiga kelele kwamba apewe kamba bure. Mtawala alikuwa ameshasema nakupa uhai wako kabla hujaomba ili uone tofauti ya roho zetu. Antonio anatoa ya kwake, serikali imwachie nusu yake, nusu ya Antonio aishike mwenyewe kama amana na Shylock akifa imwendee Lorenzo, yule aliyetoroka na binti yake. Na mambo mawili zaidi, awe Mkristo hapo hapo, na aandike hati kwamba chochote atakachoacha ni cha Lorenzo na Jessica.

Mzee #5 umesema kwa hadhira ile hiyo ni rehema na nakuamini. Lakini Shylock yuko pale pale jukwaani na ameshasema yeye anavyoiona, dakika moja kabla. Chukueni na uhai wangu, mnachukua nyumba yangu mkichukua nguzo inayoishikilia, mnachukua uhai wangu mkichukua njia ninayoishi nayo. Huyu anaishi kwa kukopesha kwa riba, kazi ambayo Mkristo hakupaswa kuifanya. Kumbatiza ni kumfungia duka, na sinagogi ambako alimwambia Tubal, Myahudi mwenzake, wakutane siku ile alipolia kuhusu pete ya Leah hawezi kuingia tena. Kila kitu alichorudishiwa kwa mkono mmoja kimechukuliwa na mwingine, na vyote vinaitwa huruma.

Kuna kitu kingine kabla ya Portia hajaingia. Shylock anawaambia, mnao watumwa mliowanunua, mnawatumia kama punda na mbwa wenu, nikiwaambia waacheni huru, waozesheni kwa warithi wenu, mtanijibu watumwa ni wetu. Basi na mimi nyama hii nimeinunua kwa bei kubwa, ni yangu. Fungueni vitabu muone nani anamjibu. Hakuna. Mtawala anasema naweza kuahirisha kikao kama Bellario hajafika. Hapo ndo nikaelewa kwa nini Mwalimu alisema Mabepari, akaweka wingi, wakati kwa Kiingereza ni mfanyabiashara mmoja tu. Mi naisoma kwamba kesi ni ya mji mzima.

#4 mkuu wa sheria, nadhani unaijua hii, Julai 2016 kule Venice, geto likitimiza miaka 500, walifanya rufaa ya Shylock ya kuigiza, mwenyekiti wa majaji alikuwa Ruth Bader Ginsburg wa Mahakama Kuu ya Marekani. Wakafuta adhabu ya nyama, wakafuta kubatizwa, wakarudisha mali zake na dukati zake 3000 bila riba. Na Portia wakaamuru akasome sheria kwanza.

#11

Nilikuwepo kwenye kundi la #2 ila hiyo ya Il Pecorone imenitikisa. Swali moja. Sehemu ya mwisho, ile ya pete, inahusiana vipi? Mi huwa naona kama imebandikwa tu watu warudi nyumbani na furaha.

#12 (Mleta mada)

Ndugu yangu #11, soma hiyo sehemu ukiwa umetoka mahakamani moja kwa moja, usilale katikati.

Bassanio aliapa hataivua pete ya Portia mpaka kufa. Akamaliza kesi akampa "mwanasheria", ambaye ndo Portia, kama zawadi. Amevunja kiapo, mkataba umevunjwa kabisa, na anasimama mbele ya mdai wake. Anajitetea, ungejua nilimpa nani, nilimpa kwa ajili ya nani. Portia anamsumbua kidogo, halafu anamrudishia pete na anamsamehe. Hakuna aliyesoma kifungu. Na nani anamdhamini Bassanio? Antonio. Anasema niliwahi kuweka mwili wangu dhamana kwa ajili yake, sasa naweka roho yangu. Yaani anasaini tena, na safari hii wote wanatabasamu. Halafu Portia anatoa barua, Antonio anajua kwamba meli zake tatu zimefika bandarini salama na mali tele. Hakufilisika. Mvua ilinyesha kweli, ila yote ilinyesha Belmont.

Huruma wanayo hawa watu. Wanaijua, wanaitoa vizuri sana wao kwa wao usiku ule wenye mwezi.

Na Shylock hayupo kwenye hiyo sehemu, hata jina. Mara ya mwisho tulimwona anaulizwa na Portia umeridhika, unasema nini? Anasema nimeridhika. Portia anamwambia karani aandike hati ya kugawa mali. Anasema naombeni mniruhusu niondoke, sijisikii vizuri, tumeni hiyo hati nyumbani nitaisaini. Mtawala anamjibu nenda, ila saini. Gratiano anamtupia maneno ya mwisho ya kamba na ubatizo, na yeye hajibu. Mtu aliyekuwa na jibu kwa kila swali mle ndani, kwa Mtawala, kwa Antonio, kwa Portia, safari hii hana neno, anatoka.

Ile hati hatuoni akiisaini. Nimetafuta mpaka ukurasa wa mwisho, ipo moja tu inayoletwa Belmont, Nerissa, msichana wa Portia, anamkabidhi Lorenzo, na Lorenzo anashukuru kwamba wamedondoshewa mana njiani watu wenye njaa. Kwa hiyo aliisaini. Siku ile ile, nyumbani kwake, baada ya binti kutoroka na mke kufariki, kwenye meza ambayo hatukuonyeshwa.